Amekufa lini?

Polisi wakikuita kuangalia mwili uliookotwa porini, hawakuulizi jina. Jina watalitafuta wenyewe kwa mama lishe, kwa vijana wa bodaboda, kwa wenye maduara, yaani mashimo ya dhahabu. Kwako wewe mtu wa afya wanataka jambo moja: "Daktari, huyu amekufa lini?"

Mimi si daktari. Nilikuwa afisa tabibu, sasa nimestaafu, na nyumba yangu iko Katoro, mji wa biashara ulio kwenye barabara itokayo Geita kwenda Chato. Hapa ndipo mchimbaji wa Rwamgasa au Nyarugusu anakuja kuuza, kununua, kulewa na wakati mwingine kupotea. Mtaalamu aliyesomea kupasua na kuchunguza maiti yuko mbali na huku, kwa hiyo anayepakizwa kwenye gari la polisi, au nyuma ya pikipiki gari likikosa mafuta, huwa ni mtu wa cheo changu, mwenye glavu, kalamu na fomu ya kujaza.

Sababu ya kifo mara nyingi mwili unaisema wenyewe. Fuvu lililopasuka linaonekana. Mchimbaji aliyevuta moshi wa injini ya pampu ndani ya duara, kucha na midomo yake huwa na wekundu usio wa kawaida, kwa sababu kaboni monoksaidi imeng'ang'ania damu yake. Swali la "lini" ni gumu kuliko hayo yote, na ndilo linaloamua nani alale ndani.

Tuseme mwili umeokotwa Jumamosi. Kijana mmoja alionekana Jumatatu akigombana na marehemu wakigawana hela ya dhahabu. Mwingine alikuwa Kahama hadi Alhamisi, na tiketi ya basi anayo. Ukiandika kwamba marehemu ana siku tano, mwenye kesi ni wa kwanza. Ukiandika siku mbili, kesi inamhamia wa pili. Tofauti ya siku tatu inaweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi.

Elimu ya kujibu swali hilo haikushuka kutoka mbinguni. Sehemu yake kubwa imetoka kwa watu walioacha maandishi kwamba wakifa wasizikwe. Walazwe nje chini ya miti, waachwe waoze, na wanasayansi wawe pembeni wakipima na kuandika. Katoro ukimsimulia mtu habari hizi, kwanza atacheka, kisha atakuangalia kwa jicho la pili. Najua jicho hilo linatoka wapi, nami nitalifikia.

Kanali aliyewashinda wataalamu

Mwishoni mwa mwaka 1977, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, kaburi la zamani lilikutwa limefukuliwa, na ndani yake mkiwa na mwili usio na kichwa ambao nyama yake bado ilikuwa na rangi. Profesa William Bass, mtaalamu wa mifupa wa Chuo Kikuu cha Tennessee kilichoko Knoxville, aliitwa kuuchunguza. Aliuangalia, akasema ni mwanamume kijana ambaye hajamaliza mwaka tangu afe. Uchunguzi ulipoendelea ikabainika kuwa ni mwenye kaburi mwenyewe, Kanali William Shy, aliyeuawa vitani Desemba 1864. Mwili ulikuwa umetiwa dawa na kufungiwa ndani ya jeneza la chuma, ndiyo maana haukuoza. Profesa alikuwa amekosea kwa miaka 113.

Bass alikisimulia kisa hicho hadharani kwa miaka mingi. Kilimfundisha kwamba vitabu vyote alivyovisoma havikuwa na majibu ya kutosha juu ya namna mwili wa binadamu unavyooza. Akaomba chuo kimpe kipande cha ardhi nyuma ya hospitali, na mwaka 1981 utafiti ukaanza. Mwaka 1994 mwandishi wa riwaya za upelelezi, Patricia Cornwell, alikiita kitabu chake kwa jina la utani la mahali hapo, na tangu hapo dunia inapajua kama shamba la miili.

Leo mahali kama hapo pamekuwa pengi. Chuo Kikuu cha Texas State kilifungua kituo chake karibu na mji wa San Marcos mwaka 2008, na Australia ilifungua cha kwake nje ya jiji la Sydney mwaka 2016. Utaratibu wao unafanana. Mtu akiwa hai na akili timamu anajaza fomu na kusaini. Halipwi hata senti, na chuo kina haki ya kuukataa mwili wenye maradhi fulani ya kuambukiza. Akifariki, familia inapiga simu, mwili unachukuliwa na kupewa namba badala ya jina. Mmoja analazwa juani, mwingine kivulini, mwingine kwenye kaburi la kina kifupi, mwingine ndani ya maji au kwenye buti la gari, kulingana na kile ambacho polisi wanakutana nacho kazini. Watafiti wanapiga picha, wanapima joto, wanahesabu wadudu. Mwisho mifupa inasafishwa na kutunzwa kwenye maboksi, kila boksi likiwa na kumbukumbu za umri, urefu na maradhi ya mwenye mifupa. Mtaalamu akiletewa mifupa ya mtu asiyejulikana, analinganisha na hiyo. Knoxville peke yake watu zaidi ya 5,000 walio hai wameshajiandikisha.

Hata huko mambo hayakuanza kwa usafi huo. Miaka ya mwanzo baadhi ya miili iliyofika kwa Bass ilikuwa ya watu wasio na ndugu wa kuwadai. Habari zilipotoka kwamba miongoni mwao walikuwamo askari wa zamani, watu walioitumikia nchi, kelele zilifika hadi kwenye bunge la jimbo. Kumbe hata Mmarekani, pamoja na sayansi yake, anauliza swali lile lile ambalo mzee wa Katoro angeuliza: huyu alikubali?

Mwili unavyosomeka

Nieleze kwa kifupi kinachosomwa. Saa chache za mwanzo, damu inashuka upande uliolala chini na kuweka madoa. Mwili unaanza kukakamaa, kwanza taya na shingo, kisha viungo vyote, halafu baada ya siku moja au moja na nusu unalegea tena. Unapoa pia, na vitabu vya Ulaya vinakufundisha kupima kupoa huko ili kujua saa. Mchana wa Septemba huku kwetu, mwili uliolala juani utapoa uelekee wapi?

Siku inayofuata ukijani unajitokeza chini ya tumbo upande wa kulia, pale utumbo ulipokaribiana na ngozi. Kisha gesi inajaa na mwili unavimba, ngozi inachubuka, majimaji yanatoka, na kuanzia hapo kazi kubwa inafanywa na funza.

Nzi ndiye shahidi wa kwanza kufika. Wale wenye rangi ya kijani na buluu inayong'aa wanaweza kutua ndani ya dakika chache na kutaga puani, mdomoni na kwenye majeraha. Yai linakuwa funza, funza anakua kwa hatua tatu, anaondoka na kujificha udongoni ndani ya ganda gumu, kisha anatoka nzi mpya. Kila hatua ina muda wake, na anayeujua muda huo huweza kurudi nyuma hadi siku nzi wa kwanza alipotua. Wachina walianza zamani kuwasikiliza nzi. Song Ci, hakimu aliyeandika kitabu cha uchunguzi wa vifo mwaka 1247, anasimulia mauaji ya mtu aliyekatwa kwa mundu. Wanakijiji waliamriwa kuweka miundu yao chini, nzi wakatua kwenye mmoja tu, na mwenye mundu huo akakiri.

Linaloongoza yote ni joto. Mfanyabiashara wa ndizi sokoni Katoro anajua kwamba ndizi alizozifukia Juni haziivi kwa siku zile zile za Oktoba. Maiti naye ni hivyo hivyo, na ndiyo sababu watafiti wa leo hawahesabu siku tupu, wanajumlisha joto la kila siku. Siku 5 zenye wastani wa digrii 25 zinatoa 125. Siku 10 zenye digrii 12 na nusu zinatoa 125 vilevile, na miili hiyo miwili itakuwa karibu katika hali moja ingawa mmoja umekaa nje mara mbili ya mwenzake.

Baada ya joto na nzi kuna wanyama. San Marcos watafiti walishuhudia tai wakiushukia mwili na kuuacha mifupa mitupu kwa saa chache. Asiyejua angeiona mifupa hiyo akasema huyu ana miezi. Cape Town, ambako watafiti walitumia mizoga ya nguruwe badala ya watu, walikuta mlaji mkubwa kichakani ni nguchiro, mnyama ambaye hakuna aliyemtilia maanani. Huku kwetu tuna fisi, na fisi hali na kuondoka tu. Anabeba mguu, anauacha kilomita moja mbali.

Sasa umchukue tabibu wa Katoro, umpe jedwali lililoandikwa Tennessee, ambako theluji inaanguka. Sisi tuko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, juu ya usawa wa Ziwa Victoria ambao ni mita 1,134, na misimu yetu ni ya mvua na ukame. Kuna kanuni ya zamani ya daktari wa Berlin, Johann Ludwig Casper, inayosema kwamba wiki moja hewani ni sawa na wiki mbili majini na nane udongoni. Ni kanuni nzuri ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini Casper hakuwahi kuona duara lililoachwa, lenye maji chini na hewa nzito, ambamo nzi anafika kwa shida. Mwili ukikaa humo, mafuta yake yanaweza kugeuka kitu kigumu cheupe kama sabuni, na sura ikabaki inatambulika muda mrefu baada ya ule wa juu ardhini kuwa mifupa. Watu wawili wanaweza kuuawa siku moja, mmoja akatupwa shimoni na mwingine kichakani, na wakitolewa ungeapa kwamba hawakufa mwaka mmoja.

Shakahola na Igoma

Anayedhani haya ni mambo ya Wazungu na sinema zao aangalie Kenya. Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua makaburi ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie, ambao inadaiwa walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mackenzie amekana mashtaka. Idadi ya miili ilipita 400. Mingine ilikuwa bado inatambulika, mingine imeoza kabisa, watoto wengi miongoni mwao. Dakta Johansen Oduor, mkuu wa wapatholojia wa serikali, alisimamia upasuaji. Wengi walionyesha dalili za njaa, lakini wengine walionyesha kunyongwa, kukosa hewa au kupigwa. Kwa mahakama, nani alikufa kwanza na nani baadaye, nani kwa njaa na nani kwa mkono wa mtu, ni kesi tofauti kabisa. Na ndugu waliotoa sampuli za vinasaba walisubiri karibu mwaka mzima. Miili ya kwanza ilianza kukabidhiwa kwao Machi 2024.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna kumbukumbu yetu. MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, karibu na Mwanza, watu wapatao 800 walipotea, na miili ilitolewa majini ikiwa imeharibika kiasi kwamba wengi walizikwa pamoja Igoma bila ndugu kujua wao yuko kaburi gani. Siku hizi tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mwanza. Lakini kipimo cha vinasaba kinakuambia ni nani. Hakikuambii lini. "Lini" inatoka kwa aliyeoza huku akiangaliwa.

Jicho la pili

Simama katikati ya soko la Katoro siku ya gulio, utangaze kwamba kuna chuo kinatafuta miili ya watu ili kiilaze porini kwa utafiti. Sidhani kama utamaliza sentensi. Nami singewalaumu.

Mkoa wetu wa Geita na jirani zetu wa Shinyanga na Mwanza ndio uliotajwa duniani kote kuanzia mwaka 2007 kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Waganga waliwaambia wachimbaji kwamba kiungo cha binadamu kikiwekwa kwenye duara, dhahabu inakuja juu. Wavuvi waliambiwa vivyo hivyo juu ya samaki. Watoto walikatwa mikono wakiwa hai. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa mauaji ya mvulana mmoja, na kabla na baada ya hapo familia zilijifunza kuzika kwa hadhari. Nimesimama kwenye mazishi ambapo baada ya udongo ilifuata zege, gunia la saruji juu ya gunia, kwa sababu wafukuaji wa makaburi hawakuwa hadithi. Nimeona baba akilinda kaburi la mwanawe usiku, na panga mapajani.

Kwa mtu aliyelinda kaburi hivyo, mwanasayansi anayetaka mwili hana tofauti na mganga anayetaka mfupa, mpaka amwonyeshe tofauti hiyo. Na historia ya sayansi yenyewe haimsaidii sana. Wazee wetu waliposimulia habari za mumiani, wanyonya damu wanaotumwa na wakubwa, wasomi walicheka. Lakini Wajerumani walibeba mafuvu kutoka Afrika Mashariki ili yapimwe Berlin. Fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake. Mwaka 2023 watafiti wa Berlin, waliokuwa wameyachunguza mafuvu zaidi ya 1,100 ya ukanda wetu, walitangaza kwamba vinasaba vimewapata ndugu walio hai hapa Tanzania, wakiwamo wa ukoo wa mtu aliyekuwa karibu na Mangi Meli, mtawala wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Wajukuu walikuwa wanalima kahawa Kilimanjaro, babu yuko kwenye kabati Ujerumani.

Ulaya nayo ilifanyiana. Mwaka 1828, Edinburgh, William Burke na William Hare waliua watu 16 na kuwauza kwa Dakta Robert Knox, aliyekuwa akifundisha upasuaji na kukosa miili ya kutosha. Burke alinyongwa mwaka uliofuata, na mifupa yake ingali katika jumba la makumbusho la anatomia la chuo kikuu cha mji huo. Kisa hicho ndicho kilichoisukuma Uingereza kutunga sheria ya anatomia mwaka 1832, ambayo ilimaliza biashara ya wauaji lakini ikawaelekeza madaktari kwenye miili ya maskini waliofia kwenye nyumba za hisani. Johannesburg, mkusanyo maarufu wa mifupa uliopewa jina la Raymond Dart una mifupa ya watu zaidi ya 2,500, na wengi wao ni Waafrika ambao hakuna aliyekuja kuwachukua mochwari. Maskini akifa mbali na kwao, anakuwa somo.

Ndiyo maana nasema tatizo la Katoro si ujinga. Watu wa hapa wanajua vizuri mwili unavyochukuliwa. Ambacho hawajaonyeshwa ni mwili unavyotolewa, na siamini kwamba hawawezi kutoa. Tangu Novemba 2017, Muhimbili ilipoanza kupandikiza figo, dada amempa kaka, mama amempa mwana. Kilichowezesha ni kwamba mtoaji aliulizwa, akaelezwa, akapewa nafasi ya kukataa, na anayepokea anajulikana kwa jina.

Maiti ni wa nani?

Hata mtu akikubali, akifa si yeye tena anayeongea. Jirani zetu wa Kenya walilijua hili kwa gharama kubwa. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 20, 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika karibu na Nairobi akisema ndivyo marehemu alivyotaka. Ukoo wa Umira Kager ukasema Mjaluo anazikwa kwao. Mwili ulikaa mochwari miezi 5 wakati mahakama zikisikiliza, na mwisho ukoo ukashinda. Akazikwa Nyalgunga Mei 23, 1987. Mtu aliyekuwa wakili, aliyewatetea wengine mahakamani, hakuweza kuitetea kauli yake mwenyewe.

Huku Usukumani ugomvi wa namna hiyo hauhitaji mawakili. Tunazika nyumbani, na kaburi ni hati ya shamba kuliko karatasi ya halmashauri: hapa kalala babu, kwa hiyo hapa ni petu. Muislamu anataka mwili uzikwe upesi na mfupa wake usivunjwe. Mkristo anataka ibada na msalaba. Mtu anayejiandikisha kimyakimya bila kuwaambia watu wake anawaachia vita, na chuo kitakachopokea mwili huo kitaitwa mwizi hata kama kina saini.

Wakati tukingojea mjadala huo, kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya ukoo. Mzoga wa nguruwe, kama walivyofanya Cape Town, ungetuambia mengi juu ya nzi wa Geita, joto la duara na tabia za fisi wetu. Sharti uzungushiwe wavu imara na uwe na mlinzi mwaminifu, maana Katoro nguruwe hawezi kulala porini usiku mmoja bila kuamkia kwenye karai la kitimoto. Polisi na matabibu wangeweza kuandika joto la mahali kila mwili unapookotwa, na kutunza funza wachache kwenye spiriti badala ya kuwapiga maji kwanza. Hivyo vyote ni vitu vya bei ya chai. Lakini nguruwe hana mifupa ya mtu, havai suruali, hanywi dawa za kufubaza virusi wala gongo. Siku moja swali la binadamu litamhitaji binadamu.

Kaka

Jambo hili nililipeleka kwa kaka yangu mkubwa, ambaye tangu baba afariki ndiye tunayempelekea mambo ya ukoo. Nilimkuta anakoboa mahindi. Nikamsalimia, tukaongea ng'ombe na mvua kama inavyotakiwa, ndipo nikasema.

"Kaka, nikifa, mnaonaje mwili wangu wakipewa watu wa chuo wajifunzie?"

"Wajifunzie nini? Wewe hukusoma ukamaliza?"

"Nilisoma. Mafunzoni tulionyeshwa mwili wa mtu, tukajua moyo unakaaje. Naye alikuwa na kaka."

Akaacha mahindi. "Alikubali, au walimwokota?"

"Hatukuambiwa."

"Basi hapo ndipo pa kuanzia, mdogo wangu. Usiniletee habari za kuoza, kuoza tunakujua, hata kaburini tunaoza. Niambie anayepokea ni nani. Ameandika wapi. Na wakimaliza, siku wanao wakitaka kujua baba yao yuko wapi, wataonyeshwa nini?"

Nikamweleza kwamba Knoxville ndugu wanaruhusiwa kuja kuiona mifupa ya mtu wao.

"Knoxville ni wapi?"

"Marekani."

"Nauli unayo?" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Wewe mwenyewe unataka?"

Nikamwambia ndiyo, nataka, mradi iwe hapa nchini na iwe kwa fomu ambayo yeye pia ataisaini. Nikamwambia juu ya vijana wanaookotwa maporini na maaskari waliokuwa wakiniuliza "lini". Alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Ingekuwa Mwanza ningefikiria," akasema. "Mwanza siku hizi kuna daraja, hatungojei tena kivuko pale Busisi, naenda na kurudi siku hiyo hiyo. Waambie waandike hiyo fomu kwa Kiswahili, walete na jina la mtu nitakayemuuliza. Wakija na fomu nitaisoma. Wakija na gari tu, watanikuta na panga."